Mtume, Fanki na Kiswahili cha Kuchagua

Mwaka 1983 wimbo mmoja wa mwendo wa taratibu ulipanda hadi kileleni mwa chati ya muziki wa Wamarekani Weusi katika jarida la Billboard, ukakaa hapo majuma 8. Jina lake "Juicy Fruit". Besi yake ilijikokota, ngoma zake zilitoka kwenye mashine, na mwimbaji Tawatha Agee aliyatamka mahaba bila kuyafunika kitambaa. Bendi iliyoupiga ilikuwa na jina ambalo msomaji wa Kiswahili hulisoma mara mbili kabla ya kuamini macho yake: Mtume.

Kwa Mwislamu wa Lamu au Unguja, jina hilo halitajwi bila kufuatishwa na sala. Kwa Mkristo wa Embu, mitume ni wale 12 wa Injili. Kulikuta kwenye jalada la santuri ya fanki, juu ya wimbo wa chumbani, kunaweza kumshangaza au kumuudhi mtu. Hata hivyo jina hilo halikuokotwa. Lilitokana na harakati iliyodumu zaidi ya miaka 20, ambapo vijana Weusi wa Marekani walikichagua Kiswahili kuwa lugha yao ya heshima, wakakitia kwenye majina, shule, sikukuu na hatimaye kwenye muziki wa dansi.

Historia ya Kiswahili tunayofundishwa hueleza jinsi lugha hii ilivyoenezwa na misafara ya biashara, wamishonari, serikali za kikoloni na shule. Ndani ya historia hiyo mtu wa bara huonekana kama mpokeaji tu: lugha ilimfika, akaifuata. Fanki inatuonyesha upande mwingine. Wapo watu ambao hakuna msafara wala mkoloni aliyewapelekea Kiswahili, nao walikifuata wenyewe. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mahali kama Kiambere, kusini mwa Mbeere katika kaunti ya Embu. Huko lugha ya nyumbani ni Kimbeere, na Kiswahili ni lugha ambayo mtu hujifunza ili aongee na asiye wa kwao.

Kabla ya fanki

Kiswahili kiliingia kwenye muziki wa Marekani kwa mlango wa jazi. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi santuri ya "Uhuru Afrika" mjini New York. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na sehemu ya Kiswahili ikasomwa na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa Marekani wakati huo. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini ilikuja kuipiga marufuku santuri hiyo, ishara kwamba ujumbe ulifika.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliingiza "Malaika" katika santuri yao ya pamoja, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kwa Wamarekani wengi huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili kikiimbwa. Siasa nayo ilikuwa ikisukuma upande uleule. Oktoba 1964 Malcolm X alipita Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam, akakutana na viongozi wa nchi zilizokuwa zimetoka tu kwenye ukoloni. Jina la Jomo Kenyatta lilijulikana Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York. Neno "uhuru" lilikuwa limevuka bahari, na mwaka 1966 likatumiwa kuunda jina la Luteni Uhura katika tamthilia ya televisheni ya "Star Trek".

Aliyekigeuza Kiswahili kuwa mpango kamili alikuwa Maulana Karenga wa Los Angeles. Baada ya ghasia za mtaa wa Watts, Agosti 1965, alishiriki kuanzisha kundi lililoitwa US. Alikuwa amejifunza Kiswahili, akakifundisha kwa watu wazima, na akakitumia kuandika misingi 7 ya maisha aliyoiita Nguzo Saba. Sikukuu yake ya Kwanzaa iliadhimishwa kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 26 Desemba 1966, ikiwa na mishumaa, mkeka na mazao ya kwanza. Wanachama wa kundi walipewa majina mapya, mengi yakiwa ya Kiswahili.

Wakosoaji hawakukosekana. Walisema mababu wa Wamarekani Weusi walichukuliwa hasa kutoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, hivyo Kiswahili hakikuwa lugha ya bibi wala babu yao. Wengine walikumbusha kwamba pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na masoko yake ya watumwa. Hoja zote mbili zina ukweli. Lakini Karenga hakudai kwamba Kiswahili kilikuwa urithi wa damu. Alikichagua kwa sababu hakikuwa cha kabila moja. Mtu aliyenyang'anywa habari za ukoo wake hawezi kujua kama alikuwa Myoruba au Mkongo. Alihitaji lugha ambayo hata Afrika kwenyewe watu hujiunga nayo bila kuulizwa walizaliwa wapi.

Kijana wa Philadelphia

Miongoni mwa waliojiunga na kundi hilo alikuwemo kijana mwogeleaji. Alizaliwa Philadelphia tarehe 3 Januari 1946 kwa jina la James Forman. Baba yake mzazi alikuwa mpulizaji saksofoni Jimmy Heath, na ami zake walikuwa mpiga besi Percy Heath na mpiga ngoma Albert Heath, aliyejulikana kwa jina la Tootie. Baba aliyemlea, naye James Forman, alikuwa mpiga piano. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kumtoa mtu asiyejua mdundo, ila kilichompeleka California mwaka 1966 kilikuwa kuogelea: alipata nafasi ya masomo katika chuo cha Pasadena kwa sababu ya kasi yake majini.

Huko ndiko alikokutana na mafundisho ya Karenga, akapewa jina la Mtume, akilielewa kwa maana ya mjumbe. Hakuacha muziki. Desemba 1969 aliandika sehemu kubwa ya santuri iliyoitwa "Kawaida", iliyorekodiwa chini ya uongozi wa ami yake Tootie, pamoja na Herbie Hancock kwenye piano na Don Cherry kwenye tarumbeta. Vipande vyake vina majina kama "Baraka", "Dunia" na "Kamili". Wanamuziki walioshiriki nao walipewa majina. Hancock akawa Mwandishi, na bendi yake ikafuata: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa pia daktari, akawa Mganga. Santuri ya Hancock ya mwaka 1971 inaitwa "Mwandishi".

Kundi la US lenyewe lilikuwa limeingia matatani. Januari 1969 ugomvi wake na chama cha Black Panther, ugomvi ambao FBI iliuchochea kwa makusudi, ulisababisha wanachama wawili wa Panther kuuawa kwa risasi katika chuo kikuu cha UCLA. Mtume aliondoka kwenye siasa za kundi, akahamia New York mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina alibaki nalo.

Alipofika New York alikuta Brooklyn imechangamka kwa Kiswahili. Mwalimu Jitu Weusi na wenzake walikuwa wameanzisha kituo cha utamaduni kiitwacho The East, chenye shule ya watoto iliyoitwa Uhuru Sasa Shule. Mtume alirekodi hapo, mbele ya watu, santuri ya "Alkebu-Lan", iliyotolewa mwaka 1972 kwa jina la Mtume Umoja Ensemble. Ilikuwa jazi ya mapambano, ndefu na yenye hasira. Asiyejua kilichofuata asingetabiri kwamba mtu huyohuyo angekuja kutunga "Juicy Fruit".

Novemba 1969, Dar es Salaam

Majuma machache tu kabla "Kawaida" haijarekodiwa Marekani, jambo la kinyume lilitokea Tanzania. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam. Marufuku hiyo ilikuja mwishoni mwa mwaka ulioanza na Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa chama tawala cha TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Soul ilihesabiwa pamoja na hayo kuwa uchafu wa kigeni unaoharibu adabu za vijana na utamaduni wa taifa.

Kwa hiyo, mwaka uleule, kijana wa California alijiona Mwafrika zaidi kwa kujiita jina la Kiswahili, na kijana wa Kariakoo akaambiwa si Mwafrika wa kutosha kwa kucheza muziki wa kijana wa California. Kurasa za barua za magazeti ya Dar zilijaa mabishano. Muziki wa ndugu zetu Weusi, waliotoka kuimba kwa sauti kwamba wao ni Weusi na wanajivunia, unakuwaje wa kigeni? James Brown alikuwa amelitolea wimbo jambo hilo mwaka 1968, na vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wameusikia.

Hapa ndipo tofauti kati ya kurithi na kuchagua inapojitokeza. Serikali iliuona utamaduni kama mali ya kulindwa isichanganyike na ya wengine. Vijana wa pande zote mbili za bahari waliuona kama kitu cha kuchukuliwa na kufanyiwa kazi. Waliochagua Kiswahili kule na waliochagua soul huku walikuwa wakitafuta kitu kimoja: kuwa Weusi wa ulimwengu mpana kuliko mtaa au kijiji walichozaliwa.

Na soul haikufa kwa amri. Dar es Salaam ilizaa kundi la Sunburst mwaka 1970, likiwa na mpiga gita Hembi Flory Kongo, aliyetoka Kongo, na mwimbaji James Mpungo. Lilichanganya roki, fanki na ngoma za nyumbani, likaimba Kiswahili na Kiingereza, na santuri yake ya mwaka 1976, "Ave Africa", ina nyimbo kama "Enzi za Utumwani" na "Simba Anguruma". Nairobi ilikuwa na Matata, kundi lililoshinda shindano la BBC la muziki wa Afrika, likahamia London na kutoa "Independence" mwaka 1974. Mombasa ilikuwa na Slim Ali na Hodi Boys, waliopiga soul kwenye mahoteli na vilabu. Vijana hawa hawakumsubiri mtu awaambie kama fanki ni ya Kiafrika.

Mwaka 1974

Inafaa kueleza fanki ni muziki wa namna gani. James Brown, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, aliuhamisha mkazo wa wimbo hadi pigo la kwanza la kila mzunguko, kisha akakifanya kila chombo kuwa ngoma. Gita halibembelezi, linakwaruza. Besi haisindikizi, inaongoza. Tarumbeta hupiga kelele fupi na kunyamaza. Sauti ya mwimbaji nayo hugeuka kuwa mlio. Wimbo hauendi popote: unazunguka palepale, na utamu wake uko kwenye mabadiliko madogo ndani ya mzunguko. Mtu aliyewahi kuwaona wapiga ngoma wa Chuka, wamesimama na ngoma ndefu katikati ya miguu, kila mmoja akishika pigo lake dogo hadi yote yakawa mashine moja, hahitaji maelezo zaidi.

Mtume aliingia kwenye fanki kupitia Miles Davis. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1975 alikuwa mpiga tumba wa bendi ya Davis, iliyokuwa imeacha jazi ya kimya na kujaa magita ya umeme. Mle bendini alikutana na mpiga gita Reggie Lucas, mwenzake wa baadaye katika utunzi. Davis alikipa kipande kimoja jina la "Mtume". Kingine, cha zaidi ya nusu saa, alikiita "Calypso Frelimo", kwa heshima ya chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Tarehe 30 Machi 1974 bendi hiyo ilipiga katika ukumbi wa Carnegie, New York, na rekodi ya usiku huo ikatolewa kwa jina la "Dark Magus". Sehemu zake nne zinaitwa "Moja", "Wili", "Tatu" na "Nne". Mwalimu wa Kiswahili atatia alama nyekundu kwenye ya pili. Lakini kosa la namna hiyo ni la mwanafunzi aliyekwisha kuanza masomo.

Mwaka huo wa 1974 ulikuwa na mengi. Juni, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, na Wamarekani Weusi kwa mamia wakafika katika mji ambao miaka mitano kabla ulikuwa umekataza muziki wao. Julai, Rais Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Wabunge walihangaika, wengine wakachekesha, lakini Kiswahili kikasikika mahali ambapo Kiingereza kilikuwa kimekaa peke yake. Septemba, James Brown, B.B. King, Bill Withers na Miriam Makeba walipanda jukwaani Kinshasa katika tamasha la siku tatu lililokusudiwa kutangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Na mwaka huohuo kituo cha Kamburu, kwenye mto Tana, kikaanza kuzalisha umeme, jambo tutakalolirudia.

Wimbo wenyewe

Baada ya Davis kupumzika mwaka 1975, Mtume na Lucas waligeukia nyimbo za redioni. Waliandika "The Closer I Get to You", ulioimbwa na Roberta Flack na Donny Hathaway, ukafika nafasi ya 2 katika chati kuu ya Marekani mwaka 1978. Waliandika "Never Knew Love Like This Before" wa Stephanie Mills, ulioshinda tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B. Lucas aliondoka baadaye, na mwaka 1983 akawa mtayarishaji mkuu wa santuri ya kwanza ya Madonna. Mtume alibaki na bendi yenye jina lake chini ya kampuni ya Epic.

Bendi hiyo ilikuwa imeanza kama kikosi kikubwa cha miaka ya 1970, chenye watu wengi na vyombo vingi. Mwaka 1983 Mtume aliipunguza. Akaacha nafasi tupu kati ya pigo na pigo. Mashine ya ngoma ikachukua kazi ya mikono, vinanda vya umeme vikachukua kazi ya tarumbeta, na besi ikaachiwa sebule nzima. Ukisikiliza "Juicy Fruit" kwa makini utaona jinsi kulivyo na vitu vichache: mpigo mmoja usiochoka, sauti ya kike isiyoharakisha, na maneno mafupi yanayorudiwa. Aliyetumia miaka akipiga tumba katika kelele za Miles Davis alijua thamani ya kunyamaza.

Katika chati kuu ya Billboard wimbo uliishia nafasi ya 45. Pengo hilo kati ya namba 1 ya Weusi na namba 45 ya wote lilionyesha jinsi redio za Marekani zilivyokuwa bado zimegawanyika kwa rangi. Mtume aliyekuwa mwanaharakati mwaka 1969 hakuhitaji kuambiwa.

Je, alikuwa ameiacha siasa? Jina lake lilijibu kidogo. Kila mtangazaji wa redio kutoka Detroit hadi Atlanta alilazimika kulitamka neno la Kiswahili ili aupige wimbo uliopendwa kuliko yote na wasikilizaji Weusi msimu huo. Mtume mwenyewe alikuja kuwa mtangazaji wa kipindi cha mijadala ya jamii katika kituo cha KISS cha New York, akazungumzia siasa za Weusi kwa miaka mingi.

Vipande na madai

Redioni humo ndimo alimozua ugomvi maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alizishambulia bendi za rapu kwa kukata vipande vya nyimbo za wengine na kuvirudisha kama vyao. Kwake huo ulikuwa uvivu wa watu wasiojifunza chombo chochote. Kundi la Stetsasonic lilimjibu mwaka 1988 kwa wimbo wa "Talkin' All That Jazz", likitetea kwamba kukata kipande ni njia ya kuwafufua wazee waliosahauliwa.

Muda uliamua kesi hiyo kwa namna ambayo Mtume asingeitarajia. Mwaka 1994 The Notorious B.I.G. alitoa "Juicy", wimbo uliojengwa juu ya mpigo wa "Juicy Fruit", ukasimulia kutoka umaskini wa Brooklyn hadi mafanikio. Biggie alikulia mitaa ya karibu na pale palipokuwa The East, mahali Mtume aliporekodi santuri yake ya mapambano zaidi ya miaka 20 kabla. Mwaka 2007 Keyshia Cole naye aliutumia mpigo huo katika "Let It Go". Mtume alipofariki tarehe 9 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 76, kazi yake ilikuwa imesikilizwa na vizazi vitatu, wengi wao bila kulijua jina lake.

Katikati ya miaka ya 1990 mpigo huo ulirudi Kenya kwa kaseti za rapu na kwa spika za matatu. Utingo wa Nairobi aliyeongeza sauti ya Biggie alikuwa akiupiga, bila kujua, muziki wa mtu aliyebeba jina la lugha ambayo utingo mwenyewe aliitumia kuita abiria.

Kiambere

Fanki ni muziki wa umeme. Bila umeme hakuna gita la Lucas, hakuna mashine ya ngoma, hakuna studio. Afrika Mashariki sehemu kubwa ya umeme huo ilitoka majini: Kenya ilinunua kutoka Owen Falls ya Uganda kuanzia miaka ya 1950, kisha ikaugeukia mto Tana. Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Ya tano, iliyo chini kabisa katika mfululizo huo, ni Kiambere, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 1988 na ambayo baadaye iliboreshwa.

Vilabu na studio za Nairobi vilivyopiga fanki miaka ya 1970 viliwaka kwa maji yaliyopita kando ya mashamba ya Wambeere. Wenyeji wa kando ya mabwawa hayo walikaa miaka mingi wakiona nyaya zikipita juu ya vichwa vyao kwenda mjini, na bwawa la Kiambere lilipojaa familia nyingi zililazimika kuhama. Historia ya muziki wa mjini haina budi kuwataja.

Lakini bwawa lilileta pia watu. Kambi ya ujenzi hukusanya mafundi, madereva, wapishi na vibarua wa makabila mengi, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Ng'ambo ya mto kuna Wakamba, chini zaidi Watharaka, juu Waembu na Wachuka. Mmbeere anaweza kuelewana na Muembu kwa Kimbeere chake, lakini akikutana na fundi kutoka Kisumu lazima wakutane kwenye lugha ya tatu. Miaka hiyohiyo, mwaka 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani. Kiswahili cha Kiambere kikapata misingi miwili: kambi na darasa.

Hapo mwanafunzi wa Kiambere anakutana na James Mtume. Wote wawili hawakunyonya Kiswahili kwa mama. Wote walikijifunza kwa sababu kiliwaruhusu kuingia kwenye kundi kubwa kuliko ukoo. Tofauti ni kwamba Mtume alikichagua kwa hiari, naye mwanafunzi alikuta uchaguzi umefanywa na serikali. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini baada ya mtihani kila mtu hubaki na uamuzi wake: kuendelea kukitumia au kukiacha kwenye daftari. Mamilioni ya watu wa bara, kutoka Meru hadi Goma, wameamua kukiendeleza, na uamuzi huo unarudiwa kila siku sokoni.

Nafasi ya fanki katika historia ya lugha

Mtahiniwa wa kidato cha nne anayesoma isimujamii huulizwa sababu za kuenea kwa Kiswahili. Majibu yaliyozoeleka ni biashara, dini, utawala, elimu na vyombo vya habari. Majibu hayo ni sahihi na hayatoshi. Hayamwezeshi kueleza kwa nini ukumbi wa Carnegie ulipigiwa vipande vinavyohesabiwa kwa Kiswahili, kwa nini watoto wa Brooklyn walisoma katika Uhuru Sasa Shule, wala kwa nini namba moja ya fanki ya mwaka 1983 ilipigwa na bendi yenye jina linaloeleweka Mombasa kuliko Memphis.

Sababu inayokosekana kwenye orodha hiyo ni mvuto. Katika karne ya 20 Kiswahili kilikuwa na sifa ambayo lugha chache za Afrika zilipata: kilibeba heshima ya uhuru bila kubeba jina la kabila. Sifa hiyo ndiyo iliyomvuta Karenga, ikamfikia Mtume, ikaandikwa kwenye majalada ya santuri. Ndiyo pia inayomwezesha mwalimu wa Kiambere na muuza samaki wa Kisumu kuheshimiana bila mmoja kujiona amemezwa na mwenzake.

Waliokopa walifanya makosa ya sarufi, na matumizi mengine, kama jina lenyewe la Mtume, yatabaki yakiwakera baadhi ya wenye lugha. Hilo ni gharama ya kuwa na lugha inayotamaniwa. Lugha iliyo wazi kwa Mmbeere iko wazi kwa mtu wa Philadelphia pia, na hakuna anayeweza kuufungua mlango huo kwa mmoja na kuufunga kwa mwingine. Kwa sababu hiyo "Kawaida", "Mwandishi", "Dark Magus" na "Juicy Fruit" zinastahili kuhifadhiwa katika maktaba zetu kando ya "Ave Africa" ya Sunburst na kazi za Matata. Ni hati za historia ya Kiswahili kama zilivyo barua za wafanyabiashara wa Kilwa, ila hizi ziliachwa na watu waliokuja kwenye lugha hii kwa miguu yao wenyewe.